Nataka kukaa Kigali mwezi mzima, sina ndugu wala biashara huko

BARUA

Shikamoo dada,

Mimi ni mwalimu wa Jiografia katika shule ya sekondari hapa Kigoma. Nina miaka 43, nina mume na watoto wawili. Mkubwa yuko chuo Dodoma, mdogo ni wa kike, yuko kidato cha tatu, anasoma kutwa. Mama mkwe naye tunaishi naye hapa Mwanga tangu presha ilipoanza kumsumbua.

Nimekulia Ujiji. Baba alikuwa na nyumba yenye uani mkubwa na vyumba vya kupangisha, kwa hiyo tangu utoto nimezoea kuona watu wakiingia na mabegi yao. Walikuja wafanyabiashara wa vitenge kutoka Kalemie na Uvira, watu wa mashirika ya wakimbizi, wanafunzi wazungu waliokuwa wakielekea Gombe kuangalia sokwe. Kulikuwa na mzee mmoja wa Kikongo tuliyemwita Papaa. Kila alipovuka ziwa alichukua chumba kilekile, alijua siku ya mama kwenda sokoni, na akisikia kuna msiba mtaa wa pili anakuwa amefika kabla yetu. Kulikuwa pia na kijana wa Ulaya aliyekaa kwetu kama mwezi. Alikula nasi migebuka na ugali wa muhogo, na siku ya kuondoka alikaa barazani akiwaeleza wenzake waliokuja kumchukua jinsi "sisi watu wa Ujiji" tunavyoishi. Nilikuwa darasa la sita. Nilishangaa sana kwamba mtu anaweza kufika mji wa watu, akakaa kidogo, akasema "sisi".

Tangu hapo nina hamu ya kuwa mpangaji wa watu mimi mwenyewe. Nimefundisha mada ya ukuaji wa miji miaka yote hii, lakini mji mkubwa niliowahi kuishi ni Tabora nilipokuwa chuo cha ualimu. Dar es Salaam nimekwenda kwa harusi, nikaenda tena baba alipougua, na mara zote nilifikia kwa ndugu, nikawa wa kupokelewa, kupelekwa na kurudishwa.

Nimechagua Kigali. Kwetu haina viza, si mbali sana, na mimi ni Muha, Kinyarwanda nikikisikia naelewa sehemu kubwa bila kufundishwa. Nataka chumba mtaa wa Nyamirambo, nipike mwenyewe, niende sokoni, nipande basi la watu wote, nijue njia. Sina haja ya kwenda mbugani. Likizo ya Juni mwaka huu sijapangiwa kambi ya kidato cha nne, na hela ipo, ni gawio langu la kikoba tulichovunja Desemba.

Tatizo ni watu. Wifi yangu amesema waziwazi kwamba mwanamke wa ndoa hakai mwezi mzima kwenye mji asio na ndugu, lazima kuna jambo. Wenzangu wa kikoba wananishauri nipeleke mawese na kurudi na vitenge ili safari ieleweke. Kaka yangu anasema hela hiyo ingeezeka nyumba ya baba Ujiji, bati zimetoboka. Mama mkwe hana neno. Mume wangu ni fundi wa injini kwenye boti za mizigo, huenda Kalemie, Bujumbura hata Mpulungu, na akiharibikiwa huko hukaa wiki kadhaa bila mtu kumuuliza. Nilipomweleza, alinyamaza, kisha akasema, "Sijakukataza." Baadaye akaniambia kama ni kutembea tu, niende Bujumbura kwa shangazi yake.

Nyumba itajiendesha, sina wasiwasi nayo. Kinachoniumiza ni kwamba kila ninayemweleza ananiuliza nakwenda kwa nani, na nikisema kwa mtu yeyote sina, naonekana mwongo. Nifanyeje?

Mpangaji mtarajiwa, Kigoma


JIBU

Marahaba mdogo wangu,

Nimeisoma barua yako taratibu, maana ni mara chache mtu ananiandikia kuhusu jambo analolitamani badala ya jambo lililomvunja. Nikuambie mapema kwamba hamu yako sioni aibu ndani yake. Umekulia kwenye uani ambao watu wengine walikuja kuwa wageni, wewe ukawa wa kuwatekea maji na kuwaonyesha choo kilipo. Kutaka kuuona upande wa pili wa mlango ule ni jambo la haki kabisa.

Nikikuelewa vizuri, unayo mambo mawili yaliyofungwa pamoja. La kwanza ni safari yenyewe: mwezi mmoja, chumba cha kupanga, mji wa kigeni. La pili ni ruhusa, na hapo simaanishi ya mume peke yake. Unataka watu wakuelewe kabla hujaondoka. Naona la pili ndilo linalokula usingizi wako, na ndilo gumu zaidi, kwa sababu kwetu safari hupimwa kwa mtu unayemfuata. Tunasafiri kwa msiba, kwa harusi, kwa mgonjwa, kwa mzigo. "Unakwenda kwa nani?" si lazima iwe shutuma. Mara nyingi anayeuliza anataka kujua nani atatupigia simu ukiugua. Lijibu hilo kwanza, na baadhi ya maswali yatapoa yenyewe. Wifi yako huenda asipoe. Hilo nalo lijue.

Kuhusu ushauri wa mawese na vitenge, wenzako wanakupenda, wanakutafutia kifuniko. Lakini fikiria kitakachotokea. Ukibeba madumu utakuwa na mzigo wa kuuza, wateja wa kufuata, deni la mtu aliyekuagiza doti mbili, na jioni utakuwa unahesabu faranga. Utakuwa umekwenda Kigali kama watu wengi wanavyokwenda, na si kosa, ila si ulichoniandikia. Tena ukirudi bila faida watakuuliza faida iko wapi. Kama biashara inakuvutia kweli, hilo ni jambo lingine. Kama ni ya kuwaziba watu midomo, mwezi utakwisha ukiwa unaitumikia.

Sasa niruhusu nikuulize juu ya sentensi moja. Umeandika, "Nyumba itajiendesha." Mdogo wangu, hakuna nyumba yenye mgonjwa wa presha inayojiendesha. Kuna mtu atakayeamka kuhakikisha bibi amekunywa dawa, atakayepika, atakayefua, atakayejua chumvi imezidi kwenye mboga. Mkubwa yuko Dodoma, mume yuko ziwani. Nimetafuta kwenye barua yako nani amebaki, nikamkuta binti wa kidato cha tatu, ambaye umemtaja mara moja tu, kwenye kuhesabu watoto. Wifi umempa nafasi, kaka umempa nafasi, hata Papaa umempa nafasi. Yule atakayebeba mwezi wako mabegani hujaandika kama umemuuliza. Juni ni likizo yake pia, na mwakani ana mtihani wa taifa.

Sisemi hivi ili ubaki. Nasema kwa sababu nadhani hapa ndipo penye swali la kweli, na lina majibu mengi. Anaweza kukubali kwa furaha, wapo mabinti wanaopenda kushika nyumba. Anaweza kukubali kwa mdomo tu kwa kuwa wewe ni mama. Anaweza kutaka msaidizi wa kulipwa kwa mwezi huo, na gharama hiyo ni sehemu ya safari yako sawa na nauli. Anaweza kukuambia anataka kwenda na wewe, na hapo utakuwa na la kuamua, kwa sababu ukienda naye hutakuwa tena peke yako unayejitafutia njia. Utakuwa mama mwenye mtoto ugenini. Kuna uzuri wake, lakini ni safari nyingine. Na mama mkwe "hana neno" ni kwa sababu ameridhika, au ni kwa sababu hakuna aliyekaa naye akamweleza nani atampa dawa?

Nije kwa baba watoto. Umekasirika kidogo, na nakuelewa: yeye akikaa wiki kadhaa Kalemie kwa ajili ya injini, hakuna kikao. Utajibiwa kwamba yeye anatafuta riziki, na jibu hilo lina ukweli. Lakini jiulize kama umewahi kumuuliza maisha yake huko yakoje. Analala wapi boti ikiharibika? Anakula kwa nani? Mtu aliyezoea kukaa miji ya watu kwa kulazimika anaweza kushindwa kabisa kuelewa mtu anayeitamani hali hiyo. Labda kwake ugenini ni joto la injini, chumba chenye mbu na kusubiri vipuri. "Sijakukataza" yake mimi siwezi kuisoma kutoka hapa nilipo. Inaweza kuwa hofu, inaweza kuwa kuumia kwamba unapumzika mbali naye, inaweza kuwa ni ruhusa ya mtu asiye na maneno mengi. Ukiondoka ukiwa hujui ni ipi, utaibeba mwezi mzima. Na Bujumbura kwa shangazi usiitupe kwa hasira. Yawezekana alikuwa anajaribu kukutafutia jibu la "kwa nani". Unaweza kumweleza kwa nini halikutoshi: kwa shangazi utakuwa mgeni wa kupikiwa na kusindikizwa, tena utapangiwa watu wa kuwasalimia.

Kuhusu bati, sitaingia kati yako na kaka yako, ila nakukumbusha kalenda unayoijua kuliko mimi. Juni ni kiangazi, mvua za Kigoma huanza kurudi Oktoba. Ipo miezi ya kupumua kati ya likizo yako na mvua. Mwiteni fundi apime, mjue ni bati ngapi na nani anachangia nini. Huenda ikaonekana safari na paa vyote vinawezekana, huenda ikaonekana haviwezekani mwaka huu. Hapa yafaa uwe na hesabu mkononi kuliko kuona vibaya moyoni kila kaka anapotaja nyumba ya baba.

Sasa Kigali yenyewe, maana nisingependa uende ukiwa na mji wa kichwani tu. Hata mimi nimewahi kukaa huko kwa muda, nikiuguza ndugu.

Utapita Kasulu, Kibondo, Kakonko hadi Nyakanazi, kisha Rusumo. Hapo mwalimu wa Jiografia atashindwa kuangalia simu. Mto Kagera uko chini yako, na yapo maporomoko yenye kituo cha umeme cha megawati 80 kinachogawanywa kati ya Tanzania, Rwanda na Burundi. Ukivuka, saa inarudi nyuma kwa saa moja na magari yanahamia kulia. Siku za kwanza, ukivuka barabara, angalia pande zote mbili kabla ya kuinua mguu. Kigoma iko kama mita 770 juu ya usawa wa bahari, Kigali ni karibu mara mbili ya hapo, mji umepanda na kushuka vilima tu. Beba sweta na viatu vya kutembea. Usibebe mifuko ya plastiki, wenzetu waliipiga marufuku tangu 2008. Kwenye pikipiki ni abiria mmoja na kofia ngumu, mshikaki tuliouzoea huku haupo.

Nyamirambo umechagua vizuri. Ni mtaa wa zamani wenye Waislamu wengi, na pale na mtaa jirani wa Biryogo Kiswahili kimeshika tangu siku za wafanyabiashara wa mwanzo. Mji wenyewe si wa kale, ulianzishwa 1907 na Mjerumani Richard Kandt, ukawa makao makuu nchi ilipopata uhuru 1962. Leo, kwa sensa ya 2022, una watu zaidi ya milioni 1.7. Kiswahili nacho kilifanywa lugha rasmi ya Rwanda mwaka 2017, ila usitegemee kila muuza nyanya akijibu kwa Kiswahili.

Na hapo ndipo Kiha chako kitakusaidia na kukuponza. Utaelewa mengi, na kwa sababu hiyo utadhani umeelewa yote. Watu nao wakisikia unavyotamka watakuchukulia kama mtu wa karibu, na wewe utajisikia uko nyumbani mapema. Tafadhali nenda polepole hapa. Sisi Kigoma mtu akiingia tu tunamuuliza kabila lake, kisha utani unaanza, na ndivyo tunavyopendana. Rwanda usiulize swali hilo, wala usilijibie wengine, hata kwa nia njema. Baada ya mauaji ya kimbari ya 1994 kabila liliondolewa kwenye vitambulisho, na watu wanaishi pamoja wakiwa wamebeba mambo ambayo mpangaji wa mwezi mmoja hawezi kuyajua. Kumbukumbu huanza tarehe 7 Aprili na huenda siku 100, kwa hiyo Juni yako yote itakuwa ndani yake. Wiki ya kwanza ndiyo nzito zaidi, lakini hata Juni unaweza kuona watu wamevaa kijivu wakielekea kwenye kumbukumbu ya eneo lao. Kule Gisozi, hapohapo Kigali, kuna makumbusho ya mauaji hayo yaliyofunguliwa 2004. Kama utakwenda, nenda siku ambayo huna ratiba nyingine, na usimtake jirani yako akusimulie ya kwake.

Hili linanirudisha kwa wapangaji wawili wa baba yako. Unasema unataka kuwa mpangaji, nami nikikusoma naona unataka kuwa mwenyeji wa muda. Umeshaishi upande wa wenyeji, kwa hiyo una kipimo ambacho wasafiri wengi hawana: unajua mpangaji gani mama yako alifurahi akirudi. Kijana wa Ulaya simlaumu, alikuwa mdogo na pengine ule wingi wa "sisi" ulikuwa upendo. Lakini naona uliposimulia habari za Papaa umetaja msiba, si chakula. Alikuwa mwenyeji kwa sababu alipokea wajibu. Na alikuwa na miaka ya kurudi kwenye chumba kilekile. Mwezi mmoja unatosha muuza mboga akujue sura na dereva wa basi lako akuzoee. Hautoshi kusema "sisi". Je, utaridhika na hicho kidogo? Nauliza kwa sababu wako wanaorudi wamevunjika moyo, wakidhani mji haukuwapokea, kumbe mji ulikuwa kazini.

Tuna msemo kwamba mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kigali jembe hilo lipo kweli. Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi kuna umuganda, kazi ya pamoja ya asubuhi, kuanzia saa mbili hadi saa tano hivi. Maduka hufungwa, magari hupungua, watu wa mtaa hutoka kufyeka, kuzibua mifereji, kupanda miti, na baadaye hukaa kikao. Mgeni hakatazwi. Kama utakuwepo, toka na wenzako wa mtaa. Nadhani asubuhi hiyo itakupa zaidi ya wiki nzima ya kuzunguka sokoni.

Kuhusu upweke, usiupuuze. Wiki ya kwanza kila kitu ni kipya, hata kununua sabuni. Baadaye inafika jioni umepika sombe ya mtu mmoja, simu kimya, na unajiuliza hivi nimefuata nini. Hiyo jioni itakuja. Kwa wengine ndiyo inayofungua kitu, wanaanza kusikia mawazo yao. Wengine inawaangusha, wanahesabu siku hadi mwisho. Wewe umeishi katika nyumba zenye watu tangu uzaliwe, na sijui utakuwa kundi gani, nadhani hata wewe hujui. Ndiyo maana wiki mbili si wazo la kudharau kama jaribio la kwanza, ingawa hasara yake ni kwamba wiki mbili huishia pale ugeni unapoanza kuisha. Desemba nayo ipo. Utakuwa na muda wa kupanga vizuri, lakini kwa watu wengi Desemba ni mwezi wa ndugu kurudi nyumbani, na kuondoka wakati huo huenda kukazua maneno zaidi.

Ukiamua kwenda, yapo ambayo yasingoje. Omba kibali cha mwajiri cha kutoka nje ya nchi kabla ya kulipia chochote, hata kama ni likizo. Angalia tarehe ya pasipoti, na beba kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Usitegemee bima ya hapa kukutibu kule, tenga fedha ya dharura ambayo haiguswi kwa kitu kingine. Mwenye nyumba anayekubali mwezi mmoja ni adimu, na vyumba vya muda mfupi vyenye vitanda huwa ghali kuliko vya kupanga mwaka, kwa hiyo usitume hela kwa chumba ulichoona kwenye picha tu. Lala siku za kwanza kwenye nyumba ya wageni inayojulikana, ukione chumba kwa macho, uone mlango unavyofunga na nani unashiriki naye uani. Kisha mwachie mumeo na binti yako namba ya mwenye nyumba na jina la mtaa.

Na wifi? Unaweza kumweleza, unaweza kumwacha. Akiuliza tena unakwenda kwa nani, mwambie ukweli uleule bila kuuongezea kitu. Ukweli unaoongezewa sababu ndio unaoanza kusikika kama uongo, na pengine ndicho kinachokufanya ujione mwongo wakati hujadanganya mtu. Kurudi kwako, ukiwa na maisha yaleyale na nyumba ileile, kutajibu mengine. Hata hivyo ukirudi umebadilika kidogo, wapo watakaosema walijua. Hilo siwezi kukukinga nalo.

Mimi ningeanza kwa binti. Kaeni wawili, bila baba, bila bibi, umweleze kama ulivyoniandikia mimi, pamoja na habari za uani wa Ujiji, kisha umpe nafasi ya kusema hapana. Ukimaliza hapo nenda kwa mumeo, umuulize kwanza habari za Kalemie kabla ya kuzungumza za Kigali. Halafu niandikie tena, unieleze walisema nini.

Dada yako,
Mshauri